Kiapo cha Mama Akiwa Edani

Kasingirima, Ujiji,
Kigoma.
22 Agosti 1974

Mpendwa Mama Mdogo Mapendo,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya wiki zote nilizokaa kimya. Hali yako je, na ule mguu uliokuwa ukikusumbua? Baba Mdogo na watoto wanaendeleaje huko Mwanza? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakula vizuri sasa, na juzi nimemsikia akicheka chumbani na Mama Melania.

Najua umeninunia. Ulituma barua mbili kuuliza kama safari ya Polandi bado ipo, nami sikujibu hata moja. Safari ilikuwa imekufa, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiichimbia kaburi. Sasa imefufuka! Paspoti imefika jana, na picha yake nimekodoa macho kama dagaa. Naondoka, Mama Mdogo.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana watu watakufikishia na chumvi juu.

Unajua chuo chetu cha Dar kinabadilishana wanafunzi na chuo cha huko: sisi tunapeleka wanane kwa mwaka mmoja, wao wanatuletea wanane. Jina langu lilitoka Machi baba akiwa hai, akalitangaza bandari nzima utadhani amechaguliwa yeye. Mei akafariki, Mungu amrehemu, na mama akaingia edani. Mimi nikaja likizo na fomu za paspoti mkononi.

Fomu zilitaka cheti cha kuzaliwa. Nimezaliwa 1953 hapa hapa Kasingirima, mikononi mwa mkunga ambaye naye ameshatangulia. Cheti ningekitoa wapi? Na kwa kuwa ukoo wetu ulitoka ng'ambo ya ziwa, karani wa mahakama kule Kigoma, Bwana Leonardi, alisema bila kuzunguka: mzazi aje mwenyewe, asimame mbele ya hakimu, aape kwamba nimezaliwa Ujiji. Mwisho ni tarehe kumi Agosti. Ikipita, nafasi anapewa mwingine.

Mzazi gani? Mmoja yuko kaburini, mwingine yuko edani.

Baba Mkubwa Mwinshehe alijitolea kuapa. Alivaa kanzu yake ya Idi, tukaenda. Bwana Leonardi akamwuliza swali moja tu, alivuka ziwa kuja Ujiji mwaka gani. Akajibu kwa fahari: sitini. Basi, ushahidi ukaishia hapo, maana mwaka huo mimi nilikuwa darasa la kwanza. Tukarudi Ujiji kwa miguu, kanzu ya Idi imejaa vumbi.

Akabaki mama, na mlangoni kwa mama kuna Shangazi Mwanvua, unamjua dada huyo wa baba. Kwake yeye mjane hatoi hata pua nje. Alimkatalia mama kwenda uani kuanika nguo, seuze kupanda gari kwenda Kigoma kusimama mbele ya wanaume. Nilipogusia tu, aliniuliza mtoto gani anayemtoa mama yake edani kwa ajili ya Ulaya. Niliona aibu. Na kusema kweli nilimwamini, kwani ndivyo nilivyosikia tangu utotoni. Nikawaandikia chuo wampe nafasi mtu mwingine, nikaifunga barua, nikaiweka chini ya godoro nikisubiri siku ya kwenda posta.

Aliyepasua jipu ni Mama Melania, yule jirani yetu Mkristo anayetuletea maji na mboga tangu msiba. Alimwuliza mama kwa nini mwanawe anasusa chakula. Kumbe mama hakuwa na habari hata kidogo! Akaniita, nikamweleza huku nalia. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Mwiteni Sheikh Hamdani."

Sheikh akaja akaketi barazani, mama nyuma ya pazia, shangazi katikati kama askari. Mama akauliza swali lake mwenyewe. Sheikh akajibu kwamba mjane mwenye haja ya lazima hutoka mchana, akarudi kulala nyumbani kwake. Kisha akamgeukia shangazi. "Eda si kifungo, Mwanvua. Mbona hamkuniuliza?"

Shangazi akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha pangwa. Miezi mitatu tulimfungia mama kwa sheria ya kujitungia, na hakuna kati yetu aliyekuwa na nia mbaya. Hilo bado linaniuma.

Tarehe saba akatoka. Alijitanda shuka nyeupe, shangazi kamshika mkono huu, mimi ule. Hakimu akamwuliza nimezaliwa lini. Mama hakujua tarehe. Akasema, "Ilikuwa alfajiri. Marehemu mume wangu alisimama nje ya mlango akauliza, mzima? Nikamjibu, mzima." Hapo akalia. Tangu msiba hatukuwahi kumwona akilia mbele za watu. Hakimu akamngoja amalize, akatazama mwaka kwenye karatasi zangu za shule, akagonga muhuri.

Baridi ya huko isikutie hofu. Nimepewa kabuti la baba la zamu za bandarini. Mikono inanifikia vidoleni na linanuka dizeli, lakini silifui.

Treni yangu ni Alhamisi tarehe tano Septemba. Mama anatoka eda Jumapili tarehe nane. Siku tatu tu! Nikataka tumwulize Sheikh kama kwenda stesheni nako ni haja. Mama akakataa. "Hiyo si haja, ni hamu," akaniambia. "Siku ile ya mahakamani ndipo nilipokusindikiza. Hukuona?"

Sikuona, Mama Mdogo. Macho yangu yote yalikuwa kwenye muhuri.

Kwa hiyo nakuomba, uwepo wewe Jumapili hiyo. Ukipanda treni ya Alhamisi huko Mwanza, Ijumaa tutakutana Tabora, na nitakukabidhi doti ya kanga niliyomnunulia mama. Akishaoga, umvishe kwa niaba yangu. Na akivuka kizingiti, usimshike mkono. Njia anaijua.

Nisalimie Baba Mdogo na wanao wote, hasa Ismaili aliyerithi jina la baba. Baba Mkubwa na Mama Melania wanakusalimu, na shangazi pia, ingawa kwa sauti ndogo siku hizi. Mungu akufikishe Tabora salama, na mimi anirudishe niwakute nyote.

Mwanao akupendaye,

Faida binti Ismaili