Mistari Niliyoifuta

Bariadi, Jumamosi

Na bado inafanya kazi! Leo nimefuta mistari kumi na moja kwenye ile programu huria ya kompyuta ninayosaidia kuiandika, yote ikiiagiza ifanye mambo inayoyafanya yenyewe bila kuagizwa. Mitatu niliiandika mimi, kwa woga wa ugeni. Sasa najisikia mwepesi, kama pamba iliyotolewa mbegu.

Ila naogopa. Wanaoitumia siwajui, na nikikosea...

Jioni mama akapiga simu kutoka Mwandoya. "Mwadila, mwanangu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Funga mlango."

"Nimeshafunga, mama."

Huniambia hivyo kila siku, na kila siku huwa nimeshafunga. Wiki ile aliyolazwa, hakuna aliyeniambia nifunge. Nilifunga, kisha nikabaki nimeshika komeo, nikisubiri.