Jenerali Bado Yuko Njiani

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile ulipovaa koti lako la posta, ukaketi kitandani kufunga kamba za viatu, usiinuke tena. Ulikuwa umestaafu miaka sita, lakini koti hukuliacha. Mama alikutania kwamba watu watakusimamisha njiani wakudai barua zao.

Tunakukumbuka, na tuna radhi ya kukuomba. Ni juu ya stempu moja.

Miaka thelathini na moja ulichambua barua, ukajua nani anaandikiwa na nani, na hukutoboa siri ya mtu. Jirani yetu asiyejua kusoma ulimsomea barua za bintiye. Palipokuwa na maneno makali ulikohoa kidogo, ukaruka mstari.

Kila Jumapili sahani za supu zilihamia mezani kwako. Maji ya uvuguvugu, kona za bahasha za zamani ndani yake, robo saa, kisha stempu inatolewa kwa kibano na kulazwa juu ya gazeti. "Msivute! Iacheni iachie yenyewe!" Ulikusanya zilizotumika tu. Stempu mpya, ulisema, ni mtu ambaye hajatoka nyumbani kwao.

Ukurasa wa nane wa albamu ulikuwa na nafasi moja tupu. Hapo ndipo pa stempu ya Jenerali, yule mwanajeshi aliyekuja kuongoza nchi ya mbali, kofia kichwani, nishani kifua kizima, kwenye rangi ya damu ya mzee. Mgeni hakumaliza chai kabla ya kuonyeshwa nafasi hiyo. "Jenerali bado yuko njiani," ulimwambia, nasi tukakonyezana.

Mdogo wetu wa mwisho alipokwenda kufanya kazi mgodini, katika nchi hiyo ya Jenerali, aliahidi kukutafutia. Alirudishwa ndani ya jeneza. Tangu hapo hatukuthubutu kukutania. Wewe uliendelea kuwaambia wageni maneno yaleyale.

Siku moja kabla ya kukuzika, tulikuta bahasha katika mfuko wa ndani wa koti lako. Mwandiko ulikuwa wa mdogo wetu, na kwenye kona alikuwapo Jenerali, muhuri umempita begani, tarehe yake siku nne kabla ya ajali ya mgodi. "Baba, nimempata," aliandika. "Najua mpya humtaki, kwa hiyo nimembandika hapa apige safari kwanza. Usije ukasema mwanao muongo."

Tulilia mno. Kisha mimi, binti yako, nikaleta sahani ya supu. Nilitaka Jenerali aingie mahali pake kabla wewe hujaingia pako. Kaka alishika saa. Robo saa ilipotimia stempu iliachia yenyewe, bila kuvutwa, na Mungu atusamehe, tulijisifu.

Mama aliingia, akaiona bahasha yenye kona tupu.

"Jamani, wanangu. Mmembandua?"

Akakaa chini. Alitueleza kwamba barua ile ilikufikia mezani kwako kazini, katikati ya barua za watu, wiki mbili baada ya kumzika mdogo wetu.

"Nilimwambia amweke basi kwenye albamu," alisema. "Akanijibu, 'Mke wangu, gundi hii mtoto kailamba kwa ulimi wake. Nikiiloweka, nitabaki na nini?'"

Yale maji tulishindwa kuyamwaga hadi jioni.

Tusamehe, Baba. Tulidhani tunakutimizia haja yako, kumbe tulikuwa tunaiosha. Mimi ndiye niliyeleta sahani, na hadi leo siwezi kula chakula katika sahani ile.

Mama, ambaye hakuwahi kugusa stempu zako, alikoroga unga wa ngano na maji, akamrudisha Jenerali kwenye bahasha, akambonyeza kwa dole gumba. Amekaa upande kidogo. Hatukumnyoosha.

Bahasha hiyo tulikuzika nayo, katika mfuko uleule wa koti. Nafasi ya ukurasa wa nane iko wazi kama ulivyoiacha. Mgeni akiuliza, tunamjibu ulivyokuwa ukijibu.

Unakumbukwa na mkeo. Binti yako fundi cherehani. Mwanao fundi umeme na mkewe. Wajukuu zako watano, ambao sasa wanajua kutovuta. Wenzako wa meza ya kuchambulia barua. Na jirani yako, ambaye siku hizi husomewa kila mstari na anasema alipendelea kikohozi chako.

Msalimie mdogo wetu. Mwambie alitimiza ahadi. Nasi tutakukumbuka daima.