Mke Wangu Anataka Kwenda Istanbul na Awut, Mimi Nibaki na Duka

Mshauri wetu, ejok, nakusalimu kwa Kiturkana chetu. Naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana mwisho wa mwezi majina mawili yanapelekwa kuombewa viza, jina la kwanza ni la mke wangu Akidor, na la pili mpaka leo sijui kama ni langu au ni la rafiki yake Awut.

Mimi ni mtu wa makamo, nauza spea za pikipiki hapa Lodwar, tumbo limetangulia na nywele zimebaki nyuma, na kifungua mimba wetu Natasha anamaliza masomo ya uuguzi huko Istanbul, chuo chake kimeruhusu kila mwanafunzi aalike watu wawili kwenye mahafali, na mimi niliposikia wawili sikuuliza ni nani, ni nani tena kama si baba na mama, nikaenda hata kwa fundi kupimwa suti. Ndipo siku moja Akidor akiwa anakoroga chai, bila hata kuniangalia, akasema, "Naona niende na Awut. Yeye anajua miji."

Ili uelewe lazima nikupeleke kwanza Cairo, ambako mimi na yeye tulienda mwaka jana, watoto walituchangia wakasema mkatembee kabla magoti hayajagoma. Huyu Awut ni mama wa Sudan Kusini, aliishi Cairo miaka mingi kabla ya kufika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na sasa ana duka la vitenge Kalobeyei, jirani na hapo. Kabla hatujasafiri alikuja kwetu akatupa maelekezo mengi, Akidor akawa anasikiliza, mimi nikawa namwangalia tu nikijiuliza huyu mama anapata nini kutusaidia hivi, kwa sababu mtu anayekusaidia bure unapaswa kumwangalia mara mbili.

Tena nilijiamini. Hapa Lodwar sijawahi kupotea. Upepo wetu unatoka upande mmoja asubuhi hadi jioni, vumbi likikupiga usoni unajua unaelekea mashariki, likikupiga kisogoni unarudi. Nikamwambia Akidor anifuate, nikatangulia, kama tunavyotembea siku zote. Kumbe Cairo upepo ukiingia kati ya magorofa unazunguka kila kona kama mtu anayetafuta choo. Nikaufuata. Tulipita duka moja la viatu mara tatu, na mara ya tatu mwenye duka akatupungia mkono kama majirani.

Hapo ndipo akaja bwana mmoja mcheshi sana, akatusalimia akiwa bado ng'ambo ya barabara, akaniita mjomba, akauliza tumetoka wapi na nyumbani hawajambo. Wewe unajua, mshauri, kwetu anayekuja kwa amani husalimia akiwa mbali, anauliza unatoka wapi na mvua imenyesha wapi. Anayekuja kimya kutoka nyuma, huyo amekuja kuchukua mifugo. Kwa hiyo nikamwambia Akidor, "Umeona? Huyu ni mtu." Mtu huyo akatutembeza vichochoro vingi akatuingiza katika duka la manukato la shemeji yake, tukatoka humo tunanuka kama harusi mbili, na yeye tayari ameyeyuka, na hoteli yetu iko mbali kuliko mwanzo.

Sasa tukiwa tunatembea hivyo nikagundua kuna mwanamume mwenye mvi anatufuata. Hasemi. Hasalimii. Tukikaza mwendo naye anakaza. Akainua mkono mara moja, nikamwambia mke wangu asigeuke. Alipokaribia kabisa niligeuka mimi, nikainua ekicholong yangu, kile kiti chetu kidogo cha mbao ambacho mwanamume wa Turkana hukalia na kulazia kichwa, mimi hata Cairo nilikuwa nacho kwapani, na nikamwambia kwa sauti kubwa mambo ambayo nashukuru hakuyaelewa. Watu wakajaa. Yule mzee akarudi nyuma akashika ukuta, kisha akatoa mfukoni miwani ya Akidor aliyoisahau kule kwenye manukato. Alikuwa mnunuzi tu, ameacha shughuli zake kutuletea.

Akidor akavaa miwani, akaniangalia nayo. Halafu akamwonyesha yule mzee picha ya hoteli kwenye simu, na mzee akatupeleka mpaka kituo cha treni ya chini ya ardhi, wao wawili mbele, mimi nyuma kama mbuzi aliyenunuliwa jioni. Tangu siku hiyo mimi si kiongozi wa kitu chochote nyumbani isipokuwa kufunga geti.

Basi nirudi kwa jambo lenyewe. Tangu habari ya Istanbul ije, Akidor kila Jumamosi anavaa vizuri anaenda Kakuma. Nikimuuliza anasema, "Naenda kwa Awut kujifunza." Kujifunza nini, hasemi. Nikaanza kuhesabu mambo. Simu akipigiwa anatoka nje. Natasha akipiga wanacheka, nikiingia wanazungumza habari ya hali ya hewa. Nikawaza labda kuna mwanamume. Kisha nikawaza labda huyo Awut anataka nafasi yangu Istanbul kwa biashara ya vitenge. Nikawaza labda ni yote mawili. Jumamosi iliyopita nikafunga duka, nikapanda gari la nyuma ya lake, na Kakuma nikakodi bodaboda, dereva anaitwa Lochakapong, nikamwambia amfuate yule mama mwenye kitambaa cha kijani.

"Huyo mama ni nani kwani?" akaniuliza.

"Ni bibi yangu."

"Sasa si tumuite?"

"Wewe endesha."

"Mzee, mimi nina bibi pia. Hii mambo unafanya haiishangi vizuri."

Akakutana na Awut, tukawafuata mpaka ndani kabisa ya kambi, mahali ambapo mimi sijawahi kufika ingawa nimekuja Kakuma tangu ujana, maduka ya Wasomali hapa, hoteli ya Mwethiopia pale, Wakongo wanauza samaki wa kukaanga, lugha zinapishana juu ya kichwa. Lochakapong akaniacha akaenda zake. Nikajificha nyuma ya magodoro yaliyosimamishwa nje ya duka, nikamsikia Awut anamwambia mke wangu, "Sasa mimi sipo. Usiangalie mimi. Simu weka ndani ya mkoba. Hoteli ya kula tumeona saa ile tunaingia, wewe fika huko peke yako. Uliza mwenye ako na kazi kwa mkono, huyo hawezi acha kazi yake akufuate."

Akidor akasimama kidogo, akatazama pande zote, akaingia katika duka la Msomali aliyekuwa anapima sukari, akamuuliza, akatoka. Mara akaja mwanamume mwenye kofia, anacheka meno yote nje, "Mama, karibu, unatafuta nini nikusaidie?" Akidor akamwambia, "Asante ndugu yangu, nimefika," akapita kama mtu aliyezaliwa hapo. Mbele kidogo akamuuliza mama anayesuka mtu nywele. Akakata kona. Sikumwona tena.

Hakuna mwanamume. Anafundishwa kutembea mjini. Ningefurahi, mshauri, lakini hapo hapo nikagundua kwamba nimepotea. Na kwa vile niko mafichoni sikutaka kuuliza mtu, kila aliyenitazama nilimwona kama amenijua. Nikazunguka bomba moja la maji mpaka wamama waliopanga mitungi wakaanza kunicheka. Na yule mwenye kofia akaja, akaniita mjomba. Sina la kujitetea. Nilimfuata. Nilirudi Lodwar na ndala mpya ambazo hazinitoshi.

Usiku huo Akidor alipoweka chakula akaangalia miguu yangu. "Ndala mpya?"

"Za hapa sokoni."

"Kumbe na Lodwar wameanza kuleta hizo," akasema, akaendelea kula. Sasa sijui kama amejua au hajajua, sijui nimkataze kwenda Kakuma au ninyamaze, na sijui nifanye nini jina langu liandikwe, kwa sababu ni mtoto wangu wa kwanza na nataka kumwona akivaa lile joho, na mama yake hataki nitembee naye.

Ni mimi,
Esekon, Lodwar

MSHAURI ANAJIBU

Baba Natasha, ejok noi. Nianze na swali dogo ili tulimalize: amejua. Mwanamume wa umri wako, na ekicholong kwapani, nyuma ya magodoro, katika soko ambalo rafiki wa mkeo anafahamiana na kila mwenye duka. Alijua kabla hujapanda gari la kurudi. Ametulia kwa sababu anasubiri uone mwenyewe jinsi ulivyo.

Nakuonea huruma, na sikufichi kwamba nimecheka. Kumkosa mtoto siku ya mahafali kunauma, na wewe si mtu mbaya. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia Akidor pole kwa yale ya Cairo. Umenieleza upepo, umenieleza manukato, umenieleza mvi za yule mzee. Pole sijaiona. Mwanamke alimwona mumewe akiinua mti juu ya mtu aliyemletea miwani, mbele ya umati, katika nchi ya watu, ambapo polisi wangeweza kuwachukua nyote wawili. Wewe unaikumbuka kama hadithi ya kuchekesha. Yeye anaikumbuka kama siku aliyoogopa. Ukisema hataki kutembea nawe unamsingizia. Hataki kuogopa tena, na Istanbul nako ni mji mkubwa wa watu wengine.

Na sasa hizi shuku zako. Sikuambii uziache, mji mgeni unazihitaji. Nakuambia umezielekeza upande usio wake. Kwetu kwenye nyika ni kweli, anayesalimia kwanza ni mwenzako, kwa sababu tuko wachache na kila mmoja anamhitaji mwingine. Katikati ya watu milioni, mtu mwenye shughuli zake hana nafasi ya kukusalimia, na anayeacha vyote kukuita mjomba, mara nyingi wewe ndiwe shughuli yake. Awut amelisema vizuri kuliko mimi. Msaidizi mchague wewe, asikuchague yeye. Muulize muuza magazeti, muulize mwenye duka la dawa, muulize mama aliyeshika mtoto, kisha mbele kidogo umuulize mwingine ulinganishe. Ukipotea usisimame katikati ya njia ukigeuza simu juu chini, ingia dukani kwanza, usome ramani ukiwa ndani. Piga picha mlango wa hoteli yako na jina lake lilivyoandikwa kwa lugha ya wenyeji, na uwe nalo pia kwenye karatasi, maana simu huzima siku unayoihitaji. Asubuhi ya kwanza usiende kokote mbali, zunguka tu jirani na hoteli mpaka ujue duka la mkate na kituo cha karibu. Upepo uache hapa Lodwar, huko hauna kazi.

Jambo jingine, na hili ni lako hasa: mnatembea bega kwa bega. Habari ya mwanamume kutangulia na mwanamke kufuata inafaa kwenye njia ya mbuzi. Kwenye umati unageuka mara moja na hayupo. Tena mkubaliane mapema, mkipotezana wewe usimame pale pale mlipoonana mara ya mwisho, na Akidor ndiye arudi.

Umeniuliza umkataze kwenda Kakuma. Kwa sababu gani? Mkeo amepata mwalimu bure, amepata mji wa kujaribia miguu kabla ya kupanda ndege, na amepita mtihani ambao wewe umeufeli mara mbili kwa mtu wa aina ile ile. Awut naye mwombe radhi kimoyomoyo. Umemshuku kwamba anataka nafasi yako, wakati kila Jumamosi anamfundisha Akidor kutomhitaji. Mtu anayetaka kubebwa Istanbul hafanyi hivyo. Na ukinisikiliza vizuri, hapo ndipo penye matumaini yako: akishajua kutembea mwenyewe, hatahitaji kwenda na mjuzi. Ataweza kwenda na yeyote anayempenda, hata kama mtu huyo hajui njia.

Kwa hiyo Jumamosi hii usimfuate. Funga duka mapema, panda gari lile lile, kaa karibu naye. Mwambie ulimfuata wiki iliyopita na ukapotea. Mwambie pole ya Cairo, yote, bila kutaja upepo. Mkifika mwombe Awut akuweke darasani, na siku hiyo mkitembezwa kambini mwache Akidor aongoze, nawe ufunge mdomo hata akikosea kona. Kisha muulize kama angependa uandikwe jina la pili, umwache ajibu.

Akikubali, vizuri. Akisema bado ni Awut, basi jioni hiyo hiyo mpigie Natasha umpongeze, umwambie mama yake anakuja, na siku ya safari wabebee mizigo mpaka uwanja wa ndege bila kuwauliza hata mara moja kama wanajua njia.