Mwaka Mawe ya Mvua Yalipotupeleka Walikale

Mama Mukwe mpendwa,

Utashangaa kusikia nakusemesha. Kati yako na mimi maneno yalipitia kwa watoto siku zote, kama heshima inavyotaka. Leo hakuna mtoto wa kumtuma huko uliko, kwa hiyo naandika mwenyewe.

Unakumbuka miaka ile vita vya Wazungu vilipokuwa vinaelekea kwisha. Hapa Nyabiondo, huku Masisi, maharagwe yetu yalikuwa yametoa maua, na Vumilia, binti yako, alikuwa ameshafagia ghala. Mchana mmoja mbingu ikawa nyeusi upande wa juu wa mlima, upepo wa baridi ukashuka, kisha yakaja mawe ya mvua. Yalipiga mpaka kilima kikawa cheupe. Watoto walitoka mbio kuyaokota, wakayatafuna wakicheka. Sisi wawili tulisimama mlangoni tukitazama shamba. Maharagwe yalikuwa yamelala chini kama yamekanyagwa na ng'ombe, na majani ya migomba yamechanika nyuzi nyuzi.

Tulipanda tena mbegu zote tulizokuwa tumebakiza. Zikaota vizuri, nikaanza kupumua. Ndipo wakaja viwavi. Tuliwaokota kwa mikono, tukawamwagia majivu, watoto wakawaponda kwa mawe. Kesho yake walikuwa wengi zaidi. Wakatuachia vijiti. Mihogo yetu ilikuwa bado michanga, tukaing'oa hivyo hivyo, mizizi myembamba kama vidole.

"Kwa mama kuko mihogo na ndizi," Vumilia akaniambia. "Twende Walikale."

"Mukwe haende kuomba chakula kwa wakwe zake. Heri nikufe hapa."

"Ile haya yako itaiva lini, watoto wakule?"

Tukashuka kuelekea msituni, tukilala kwa watu tusiowajua, mimi nimebeba kitunga kitupu mgongoni. Mukwe akienda ukweni hubeba pombe, huvuta mbuzi, au akikosa kabisa huwa na mkungu wa ndizi. Kila tuliyepishana naye alikitazama kitunga changu kwanza, kisha uso wangu.

Tulikukuta shambani unagonga debe kufukuza nyani. Niligeuza uso, nikasimama nyuma ya mgomba kama mwizi. Uliwatazama watoto na matumbo yao, ukamtazama binti yako na mifupa ya shingo yake. Majirani walikuwa wameanza kusogea. Ukapaza sauti ili wasikie, ukimsemesha Yosefu, mtoto wetu mkubwa:

"Ambia baba yako amekawia! Nilimuita tangu zamani. Nguruwe ya pori inamaliza mihogo yangu, na hapa hakuna mwanaume wa kunijengea lupango!"

Hukuwa umeniita, Mama Mukwe. Hukuwa umenitumia neno lolote. Lakini majirani wakaitikia kwa kichwa, wakarudi kwao wakijua kwamba mukwe amekuja kazini.

Nilijenga ule uzio kwa miti minene, nikaufunga kwa kamba za msituni, nikachimba mitego upande wa mto. Nilianza kazi umande ukiwa bado majanini, maana nilitaka jasho langu lionekane. Hata hivyo kila sahani uliyomtuma mtoto aniletee niliipokea nikiwa nimeinamisha uso.

Halafu akarudi shemeji yangu, mwanao wa kwanza, kutoka kazi ya mgodi. Jioni moja alinikuta barazani nakula, akawaambia wenzake:

"Nguruwe yote tumeifungia inje, lakini hii ya Masisi iko ndani."

Wakacheka sana. Nikarudisha tonge la bugali sahanini, nikabaki natazama mikono yangu.

Ndipo ukatoka jikoni. Ukafanya jambo ambalo mama mukwe hafanyi: ulikaa chini mbele yangu, ukatia mkono katika sahani yangu, ukala. Kwetu hilo ni kama kujivua nguo mbele ya watu. Ulitafuna polepole, na kicheko kikakatika.

"Huyu ni mutoto wangu," ukamwambia mwanao. "Mwenye anataka kucheka, acheke mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini ningeondoka, ungebaki na ile haya peke yako. Kwa hiyo nikala. Nilimeza bila kujua ninameza nini.

Mvua za kupandia zilipokaribia, ulitupa vipande vya mihogo na mbegu za maharagwe, tukarudi. Safari hii mvua ilikuja kwa kiasi, na viwavi hawakuonekana. Tulipovuna, kitunga cha kwanza nilikubebea mwenyewe mpaka Walikale, huku nikivuta mbuzi kwa kamba. Uliponiona ukageuza uso haraka, ukajifunika kikwembe.

"Ambia baba yako, maharagwe iko muzuri," ukamwambia Yosefu.

Vumilia alicheka. Mimi moyo ulipoa kidogo, kwa sababu ulikuwa umenirudishia nafasi yangu ya mukwe.

Uliondoka wakati mvua zimekata njia. Tulipofika, kaburi lilikuwa limeshaota nyasi.

Sasa watu wa Nyabiondo wananiita mkulima hodari. Siku ya mavuno, kanisani, vitunga vyangu vinawekwa mbele, nami natazama sakafu. Vumilia anasema haya hii ni ya bure, kwamba njaa ililetwa na mawe na wadudu. Ni kweli. Lakini njaa nimeshaisahau. Kinachonichoma ni kwamba mwanamke wa heshima yako alijishusha mbele ya watoto wake na wenzao ili mimi nimeze bugali, na sikuweza hata kukwambia asante, kwa kuwa hata neno hilo lingepitia kwa mtoto, na ni mtoto gani ningempa mzigo huo?

Pumzika katika udongo wa kwenu. Ungali hai nilikuita Mama Mukwe, tena kwa mbali. Leo nakuita Mama tu, na uso unaniwaka.

Mukwe wako wa Nyabiondo,
baba ya Yosefu