Mtaro Ulionyooka

4 Septemba

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, na kazi ya ujenzi inakwendaje? Mimi ni mzima, goti tu ndilo linanisumbua asubuhi, likishapata moto linatulia. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunikatiza.

Nimeingia kwenye ule mpango wa serikali wa kuhifadhi udongo. Bibi shamba alikuja mwenyewe, msichana mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Anasema shamba letu la mteremkoni likichimbwa mitaro ya kukinga maji, udongo utaacha kuhamia mtoni kila msimu. Serikali inalipa vibarua wa kuchimba, inatoa na miche ya miti. Sharti ni mitaro ifuate vigingi alivyopigilia yeye, nami nisilime ukingo wa mto.

Najua utasema nini. Kwa hiyo naahidi kabla hujaniomba: mvua hizi zikiondoka na udongo tena, nitafunga nyumba nije kukaa kwako, wala sitalalamika. Lakini udongo ukibaki, usinitajie tena habari za kuhamia mjini.

Mama yako


18 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Tuko ghorofa ya juu sasa, upepo unatupiga kama tumemkosea mtu. Goti lichue kwa mafuta ya moto, na uache kubeba ndoo zilizojaa.

Ahadi nimeipokea kwa mikono miwili. Kusema kweli sina imani na mitaro hiyo. Tangu baba afariki, kila nikija naona mawe yaliyokuwa chini yamechomoza juu, na wewe unazidi kukonda kwa kuyalima. Nimeshanunua kitanda, nimekiweka upande wa dirisha, jua linaingia asubuhi. Mafundi wenzangu walinitania kwamba naoa. Nilipowaambia ni kitanda cha mama, wakacheka zaidi.

Ule uzi wangu wa kujengea niliousahau kwenye msumari wa jikoni, nitunzie.

Mwanao


2 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Kikohozi cha vumbi la saruji kimepungua? Mimi ni mzima, ila shamba si zima.

Mvua ilinyesha mchana kutwa. Maji yalijaa mtaroni, yakakimbilia upande mmoja, mtaro ukapasuka katikati ya mahindi machanga. Kila kilichokuwa chini ya hapo kimekwenda mtoni.

Bibi shamba alikuja, akatembea kando ya mtaro, kisha akauliza nani alivihamisha vigingi. Nikamwambia ni mimi. Vilikuwa vimekaa kombokombo, vinakwenda huku vinarudi kule, na jirani yetu, unaujua mdomo wake, kila akipita anauliza kama mpimaji alitokea kilabuni. Mimi mistari yangu ya mahindi imenyooka tangu niolewe. Niliona haya watu wachimbe kitu kama kile shambani kwangu. Nikachukua uzi wako, nikaukaza kutoka mwanzo hadi mwisho, nikavipanga vigingi vikanyooka mpaka nikajipongeza. Kumbe kule kupinda ndiko kulikuwa kazi yenyewe. Vilikuwa vinafuata usawa wa ardhi, maji yasipate upande wa kukimbilia.

Amenipa hadi mvua za mwaka ujao nirekebishe mwenyewe, bila vibarua. Nikishindwa, msaada unakwenda kwa mkulima mwingine. Yeye amepelekwa wilaya nyingine hadi wakati huo, na kifaa chake cha kupimia kimekwenda naye. Mimi kwa macho siuoni huo usawa.

Ahadi ni ahadi. Niambie nije lini.

Mama yako


23 Novemba

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata jibu, na nina wasiwasi usije ukawa unaumwa. Kuku nimewapeleka kwa jirani. Ameahidi hatawala, lakini ninavyomjua. Mashuka nimeyafunga. Penye udongo uliobaki nimepanda maharage ili pasikae wazi, atakayekuwepo atayavuna.

Nimelia kidogo, nisikufiche. Sasa nimemaliza. Niambie siku tu.

Mama yako


30 Novemba

Mama,

Shikamoo. Siumwi. Barua yako ya tarehe mbili ilifika mapema, nimekuwa nikitembea nayo mfukoni.

Niliposoma kwamba mtaro umepasuka, nilifurahi. Nikafagia chumba, nikatandika kile kitanda. Lakini kila nikishika kalamu nikuambie uje, niliiweka chini tena. Usawa mimi naujua, mama. Ndio unaonilisha. Hatujengi ukuta kwa macho. Tunachukua mpira mrefu wa maji, mweupe unaoonyesha ndani, tunautia maji, mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji yanasimama usawa mmoja hata ardhi iwe imepinda vipi. Nilikuwa nimenyamaza tu, nangoja ushindwe. Niliposoma kwamba umewapeleka kuku kwa jirani, nilikwenda kwa msimamizi kuomba ruhusa.

Amekubali. Ijumaa nakuja na mpira. Wewe utashika ncha moja, mimi nyingine, na jirani mwambie safari hii ashike nyundo apigilie vigingi, mdomo aupumzishe. Mashuka yafungue.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, na malengelenge ya mikono yamepona? Wewe ni mtu wa kuta, jembe lilikuonea. Goti langu limenyamaza.

Mvua zimenyesha mfululizo. Nilisimama shambani na ule mwavuli uliovunjika, nikiangalia. Maji yaliingia mtaroni yakatulia kama ng'ombe aliyeshiba, mpaka ardhi ikayanywa yote. Mtoni sasa maji yana rangi ya maji. Bibi shamba amerudi, ametembea mtaro mzima hadi mwisho, kisha akashusha miche. Jirani naye anataka mpira huo kwa shamba lake. Nimemwambia kwanza arudishe kuku wangu wote, maana jogoo hajulikani alipo.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Sikuwa nakikataa chumba chako. Nilikuwa naogopa kuondoka hata siku chache, nikirudi nikute mawe matupu. Ndiyo maana kila uliponiita nilikuwa mkali. Sasa mahindi yakishaingia ndani, nakuja kukaa na wewe mpaka unichoke. Udongo utaningoja.

Kitanda usikiuze.

Mama yako