Moyo wa Mkimbiaji

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, baada ya kuosha vyombo

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, kile kikohozi kimekuachia, na msimamizi wako wa zamu amepunguza makelele. Huku tu wazima, isipokuwa mkeo, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Simu nimeiogopa. Ningekutukana.

Siku ile ya kwanza nilimsindikiza wifi kwenye utrasaundi. Mpimaji, mama mmoja asiyepindisha maneno, alituonyesha kitu kidogo kinachodunda kwenye kioo cha mashine. Akasema mimba ya wiki saba moyo wake hutakiwa uende mbio, upite mapigo mia na ishirini kwa dakika. Huu ulikuwa themanini na kidogo. Mimba za namna hiyo nyingi hutoka, alisema, ila si zote. Turudi baada ya wiki. Wifi aliitikia kila neno huku amenibana mkono mpaka kucha zikaingia.

Nyumbani nikamweleza baba vilevile. Unamjua na mbio zake za ujanani, na yule daktari aliyewahi kumsifu kwamba moyo wake unapiga polepole kama wa wanariadha. Basi alichosikia ni hiyo polepole tu. "Huyo kanifuata mimi," akasema. Nikamwambia, baba, kwa mtoto aliye tumboni si hivyo. Wapi. Alikwenda mpaka kwa kinyozi kutangaza, na jioni wageni wakampigia wifi makofi sebuleni, naye kasimama na sinia la chai.

Na wewe je? Alipokupigia analia, ulicheka. Ukamwambia aache woga, baba kashakueleza, huo ni moyo wa mkimbiaji. Nilikuwa kando yake, nikasikia yote. Nimekutetea kwa watu tangu utoto wako, siku hiyo sikukutetea.

Wiki nzima mkeo alikuwa akiomba moyo ukimbie, na baba chumba cha pili akishukuru kwamba umetulia.

Juzi tulirudi. Mpimaji alikigeuzia kioo upande wake, akapima mara mbili, ndipo akatuambia. Moyo ulikuwa umesimama.

Baba alitungoja mlangoni. "Haya, mkimbiaji wangu leo kapiga mapigo mangapi?" Wifi akavua viatu, akavipanga, akamjibu kwa adabu zote: "Hata moja, baba. Amekushinda." Mzee alicheka kwanza. Kisha akaelewa. Tangu hapo hajakanyaga kwa kinyozi, na mimi huruma bado sina.

Omba ruhusa uje. Ukifika, usimwambie atapata mwingine. Kaa naye tu.

Shangazi anakusalimu, mjomba naye pia. Baba anakusalimu kwa sauti ya chini. Wifi nilimuuliza kama ana salamu zako. Akasema alishakupa siku ile kwenye simu, ukazicheka.

Mungu akulinde, akupe na masikio.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda ingawa leo nimekasirika.