Magoti ya Nani?

Mjukuu wangu Salma,

Natumaini Dodoma haijakukausha ngozi. Huku Boko hatujambo. Mama yako amepona mafua, na babu yako bado anagombana na kuku wa jirani.

Umeuliza kwa nini nilinyamaza kwenye simu. Ulikuwa unanieleza wewe na wenzako walioko Dar mnavyotengeneza ramani ya mafuriko ya Temeke: mtu akisema maji yalifika magotini, mnamwomba aonyeshe ukutani, ndipo mnapima kwa futi na kuingiza kwenye kompyuta.

Nilikumbuka bonde letu kule Temeke, kabla maji hayajatuhamisha. Nilikuwa binti mbichi, mama yako mchanga yuko mgongoni, ana homa, nataka kumvusha maji ya mafuriko nimpeleke hospitali. Jirani yetu Limbu, mrefu kama nguzo ya umeme, alikuwa ameshavuka. Akapaza sauti: "Njoo tu, mama Asha! Maji ya magoti haya!"

Nikaingia. Katikati yakanifika kifuani. Limbu akarudi mbio, akatubeba wote wawili.

"Magoti ya nani, we mlingoti?" nikamfokea.

"Yangu, dada," akajibu.

Hakunidanganya. Aliyasema maji kama miguu yake ilivyoyajua, na sote bondeni tulipima hivyohivyo. Nyie ndio wa kwanza niliowasikia wakiuliza zaidi, na nimefurahi mno.

Basi endeleeni kupima. Anayechoshwa na maswali yenu, mwambie bibi yako ni mfupi.

Bibi yako,
mama Asha